Shajara ya hudihudi

6 Januari

Karatasi ya kwanza nimeitupa leo. Wanga niliupika mzito kama wa kupigia kanzu, nikaupaka mara moja tu, na ulipokauka ukafanya nyufa kama tope la kiangazi. Basi naanza kuandika kila ninachofanya na siku niliyokifanya, maana kazi yenyewe ni ya miezi na kichwa hakiweki yote.

Kazi ni hii: kunakili kwa mkono, kwa kipimo chake halisi, ukurasa mmoja uliochorwa Isfahan, Uajemi, yapata 1600. Aliyeuchora ni Habiballah wa Sava. Ndege wa kila namna wamekusanyika, na hudihudi amesimama juu ya mwamba upande wa kulia akiwahutubia. Picha yote ina urefu wa sentimita 25.4 na upana wa sentimita 11.4, yaani nyembamba kuliko daftari la shule. Ukurasa wenyewe uko New York katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mimi niko Mombasa. Tangu 2017 jumba hilo linamruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za kazi zake zisizobanwa na hakimiliki, nami hii nimeikuza kwenye kompyuta hadi unyoya mmoja umejaa kioo.

Mkono wangu ni wa hina. Mwaka wa kumi na tisa huu napamba maharusi, na mstari mwembamba ndio riziki yangu. Ila hina huenea kidogo ngozini, ikakusitiri kidole kikitetemeka. Wino juu ya karatasi iliyosuguliwa hauenei. Unabaki pale pale ulipouacha.

9 Januari

Karatasi ya tatu imekubali. Wanga mwepesi kama maji ya mchele, mikono mitatu, kila mkono ulale usiku mzima ukauke. Juu yake ute wa yai uliopigwa ukaachwa utulie, na shabu kidogo ndani yake. Waajemi huliita tabaka hilo ahar.

Kisha kusugua. Wao walitumia akiki. Mimi nina kauri kubwa aliyoniachia bibi yangu. Unailaza karatasi juu ya ubao laini, unaisukuma kauri mbele na nyuma kwa uzito ule ule, huna haraka. Mwanzoni inakwaruza. Baada ya saa nzima mkwaruzo unapotea, kauri inateleza kama juu ya kigae chenye maji, na ukiiinamisha karatasi dirishani inang'aa kidogo, kama mkono uliopakwa mafuta ya nazi. Nimefanya hivyo jioni tatu. Bega linauma, na karatasi ni nzuri mno.

14 Januari

Mpwa wangu alikuja baada ya chuo, akasimama mlangoni akitazama picha kwenye kompyuta. Ana miaka kumi na miwili.

"Shangazi, sisi tumesomeshwa kwamba mwenye kuchora viumbe wenye roho ataambiwa avitie roho. Sasa wewe?"

Aliuliza kwa adabu, na swali ni la kweli, kwa hiyo nikaweka kauri chini nikamjibu. Hadithi hiyo ipo, na wanazuoni wengi wameishikilia. Ndiyo maana hata huko Uajemi misahafu haina picha ya kiumbe hata mmoja. Humo mna khati, dhahabu, maua na maumbo. Picha za wanyama na watu zilikaa katika vitabu vingine: vya mashairi, vya historia, vya nyota, vya tiba. Na wachoraji wenyewe hawakulikwepa swali. Mwaka 1544 Dust Muhammad, aliyekuwa mtu wa khati na mjuzi wa michoro, aliandika dibaji ya albamu ya mwanamfalme Bahram Mirza, na humo akasimulia habari za sanduku lililokuwa na picha za Mitume, ili kuonyesha kwamba kazi hii ina asili na heshima yake. Wapo waliokubali hoja yake, wapo wasioikubali hata leo. Nikamwambia kwamba mimi nachora ndege mdogo kuliko ukucha, asiye na kivuli, na kwamba akikua atasoma mwenyewe.

"Haya, shangazi. Na huyu hudihudi, si ndiye wa Nabii Suleiman?"

Ndiye. Sura ya An-Naml, aya ya 20: Nabii Suleiman anawakagua ndege na kuuliza, mbona simwoni Hudihudi? Naye anarudi na habari za Saba na malkia wake. Mshairi Attar wa Nishapur alimtoa humo katika karne ya 12, na katika shairi lake akamfanya kiongozi wa ndege wote wanaokwenda kumtafuta mfalme wao, Simurgh. Wanavuka mabonde saba. Wanaofika ni thelathini tu, na kwa Kiajemi thelathini ni si, ndege ni murgh. Mpwa wangu akakaa kimya kidogo, kisha akajihesabia vidoleni: si, murgh. Akacheka.

25 Januari

Brashi. Za dukani, hata ile nyembamba kabisa, zina tumbo kubwa na ncha inayogawanyika. Vitabu vya mafundi vinataja nywele za mkia wa kindi, na mafundi wa Iran hadi sasa hutumia za paka. Paka hapa Mji wa Kale si haba, na wetu ni mpole, basi nikamchana kwa kitana mgongoni na shingoni mpaka akalala.

Nywele nzuri ni ile inayojikata nyembamba yenyewe kwenye ncha. Nilizichagua moja moja kwa kibano, kama arobaini, nikazitumbukiza ncha chini ndani ya kifuniko cha kalamu, nikakigongagonga mezani hadi ncha zote zikalingana. Nikazifunga shinani kwa uzi wa hariri. Unyoya wa njiwa niliuloweka katika maji ya moto, nikaukata ncha, nikalipitisha fungu la nywele ndani kwa nyuma mpaka ncha ikatokeza mbele. Unyoya ukikauka unajibana wenyewe. Brashi ya nne ndiyo iliyofaa. Ukiichovya katika maji, nywele zote zinakutana na kuishia kwenye unywele mmoja uliopita wenzake, na huo mmoja ndio unaochora.

3 Februari

Mchoro umehamia kwenye karatasi. Wazee walikuwa na charba, ngozi nyembamba ya swala inayopitisha mwanga; waliilaza juu ya picha, wakaifuatisha, wakatoboa mistari yote kwa sindano na kupitisha vumbi la mkaa kwenye matundu. Mimi nimetumia karatasi ya kupitishia mwanga, sindano ya kushonea kofia na mkaa wa jikoni uliosagwa, nikaufunga katika kitambaa. Ulipoinuliwa ule ukurasa wa matundu, ndege wote walikuwa pale kwa nukta za kijivu, kama nyota.

Charba ile ile ilipita mikono mingi. Ndiyo maana simba, swala na mabata wa Uajemi wanafanana kutoka kitabu hadi kitabu, karne hadi karne. Zamani nilidhani huo ni upungufu, kwamba mchoraji hakutazama wanyama wenyewe. Baada ya kutoboa matundu haya kwa siku sita sidhani hivyo tena. Mkunjo wa shingo ya bata uliopita mikono ya mafundi kumi umeshakaguliwa na macho ishirini.

Na Habiballah mwenyewe alikuwa akifuata mkono wa waliomtangulia. Kitabu chenye ukurasa huu, cha shairi lile la Attar, kilinakiliwa Herat mwaka 1487, kikabaki bila kukamilika picha zake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kikawa mikononi mwa Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, na wachoraji wake wakaongeza kurasa walizozipatanisha na zile za Herat. Mwaka 1609 shah akakiweka wakfu kwenye kaburi la Sheikh Safi, babu wa ukoo wake, huko Ardabil. Jina la Habiballah limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya jiwe ndani ya picha. Hakulificha wala hakulitangaza.

Jambo moja nimeliamua leo. Juu kabisa, upande wa kulia, kuna mtu mwenye bunduki. Attar hakumtaja, bunduki zenyewe zamani zake hazikuwako. Simtaki. Sehemu yake nitaipaka mwamba.

11 Februari

Dhahabu kwanza, kwa sababu nayo inataka kusuguliwa, na ukisugua baadaye utaharibu rangi za jirani. Nimenunua kidogo sana iliyokwisha kusagwa. Zamani walisaga jani la dhahabu kwa kidole ndani ya bakuli pamoja na gundi au asali, wakaiosha hadi maji yakatoka safi.

Habiballah alitumia fedha pia. Wachoraji wa Uajemi walipenda kuyapaka maji fedha, na fedha, tofauti na dhahabu, huingia weusi kwa miaka. Vijito vingi tunavyoviona vya giza katika vitabu hivyo vilichorwa viking'aa. Nilifikiri sana, nikapaka kijivu kilichoiva. Nanakili ukurasa kama ulivyo leo.

22 Februari

Rangi. Neno lenyewe tumelipata kwao, kama bandari na bustani na darubini, na kila nikilisema siku hizi nalisikia upya.

Buluu yao ilitokana na jiwe la lajwardi la milima ya Badakhshan, Afghanistan ya leo. Nyekundu ilikuwa ya zebaki na salfa, njano ya zarnikh yenye aseniki ndani yake, nyeupe ya risasi. Nyumba yangu ina watoto, kwa hiyo nimenunua rangi za maji za dukani na kuzichanganya mpaka zikafanana. Sijutii, ila buluu ya bomba ni sawasawa mno. Ya jiwe ina chembe kubwa na ndogo, na mwanga unaingia katikati yake. Nimeipaka mikono miwili, ya pili nikaichovya kwa ncha, nukta nukta, ili isilale bapa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kijani. Walikitoa kwenye kutu ya shaba, na kutu hiyo ina ukali: baada ya miaka inaila karatasi, kijani kinaanguka na kuacha tundu lenye umbo la jani. Mafundi wakagundua kwamba ukikitia zafarani karatasi inapona. Wataalamu wa kutunza vitabu wamelijaribu hilo katika maabara na kuona kwamba zafarani kweli inauzuia ukali ule. Mimi kijani changu hakina shaba, lakini nilitia nyuzi mbili za zafarani kutoka kwenye kopo la biriani, kwa ajili yao.

7 Machi

Ndege, hatimaye. Wiki mbili nimechora manyoya tu.

Namna ya kazi ni pardaz: huvuti rangi kwa brashi, unaiweka kwa vinukta na vistari vidogo mno, safu juu ya safu, hadi kifua cha ndege kinavimba chenyewe. Naweza kufanya eneo la ukucha wa kidole cha mwisho kwa saa moja na nusu. Zaidi ya hapo macho yanatoka machozi.

Nimejiwekea desturi. Kabla ya kumgusa ndege nasoma udhuru wake. Katika Attar kila ndege, hudihudi akishawaita safari, anatoa sababu ya kutokwenda. Bulbuli anasema ana waridi lake, hawezi kuliacha. Kasuku anataka maji ya uzima ya Khidhr tu. Bata ana maji yake na usafi wake. Kware ana mawe ya thamani. Kulasitara anakaa pwani akiililia bahari, na hata tone hanywi, akihofia isije ikapungua. Bundi ana magofu na hazina iliyofukiwa. Kozi anajivuna kwamba kituo chake ni mkono wa mfalme. Hapo nilisimamisha kazi, kwa sababu sisi kozi wetu ni mwingine kabisa: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Wa Attar kashiba kwenye mkono wa mtu na hataki kuondoka. Wetu angelala na njaa kuliko kukaa pale. Nikamchora kwa mdomo uliofungwa na kifua mbele, na nadhani nimemtia kidogo yule wa kwetu.

Kulasitara ndiye aliyenishika moyo. Nimekulia ufukweni, nimewaona asubuhi wakati wa maji kupwa wamesimama mguu mmoja, wanatazama maji.

15 Machi

Tausi amenishinda siku nne, na leo nimejua kwa nini. Ni jambo kubwa, kwa hiyo naliandika lote.

Manyoya yake yalikuwa sawa. Shingo ilikuwa sawa, nimeipima kwa kioo cha kukuzia na bikari. Rangi ilikuwa sawa. Hata hivyo alikuwa kama ndege wa kwenye kopo la biskuti, amebandikwa pale. Niliwarudia wenzake mmoja mmoja nikaona wote wana ugonjwa huo huo.

Usiku nikalikuza jicho peke yake. Jicho la ndege katika ukurasa huu ni duara dogo la rangi hafifu, na ndani yake nukta nyeusi moja. Mimi nukta zangu zote nilizitia katikati ya duara. Mkono wa hina hupenda katikati. Yeye hakufanya hivyo. Nukta yake imesogea hadi karibu kugusa ukingo, upande ule ndege anakotazama. Kusogea kwenyewe ni upana wa unywele.

Nikachukua wembe mpya, nikalikwangua jicho la tausi pole pole hadi nikafika kwenye wanga, nikalisugua tena kwa ncha ya kauri, nikapaka duara, nikangoja likauke. Kisha nikashika pumzi nikaweka nukta mbele.

Tausi akageuka. Shingo sikuigusa, mwili sikuugusa, lakini sasa anasikiliza. Nimeyakwangua macho yote. Leo yamekamilika kumi na moja.

Tangu hapo natazama picha zote za wanyama kwa njia hii. Katika nakala ya Kalila na Dimna, kitabu cha visa vya wanyama, iliyotengenezwa Herat mwaka 1429 kwa mwanamfalme Baysunghur, iliyopo sasa katika jumba la Topkapi, Istanbul, simba anamrarua fahali aliyekuwa rafiki yake, na mbweha wawili, Kalila na Dimna wenyewe, wanatazama. Mnyama wa Uajemi halii machozi wala hatabasamu kama katuni. Uso wake ni uso wa mnyama. Uchungu wote uko katika nani anamtazama nani: fitina ya Dimna, aliyewagombanisha, unaiona kwa sababu yeye ametulia na kutazama. Hata katika kitabu cha manufaa ya wanyama kilichochorwa Maragha miaka ya mwisho ya 1290, zama za Ghazan Khan, ambacho kilikuwa kitabu cha elimu na dawa, kuna ndovu wawili wanaoujaza ukurasa, nao wako pamoja, hawakuwekwa tu kama mfano wa ndovu.

Bibi yangu hakuwahi kusikia jina la Kalila. Lakini kisa cha kima aliyepanda mgongoni mwa papa, akaambiwa moyo wake unatakiwa, akajibu kwamba wao mioyo yao huiacha mtini, hicho alitusimulia mpaka tukakijua kwa moyo. Katika Kalila na Dimna papa ni kobe, na wachoraji wa Uajemi walimpenda sana kima yule juu ya gamba katikati ya maji. Mara ya kwanza kuiona picha hiyo nililia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, bibi alikuwa ameshafariki, na ghafla kima wake akawa ana rangi.

21 Machi

Nairuzi ya Waajemi. Nimepumzika ndege, nimeandika hili la punda milia nisije nikalisahau.

Machi 1621, wakati wa Nairuzi, mfalme Jahangir wa Wamughali wa Bara Hindi aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi. Watu wakashuku kwamba amepakwa rangi. Jahangir akachunguza, akathibitisha kwamba milia ni ya Mungu, na mchoraji wake Mansur akamchora: amesimama peke yake, ubavu mzima, amefungwa kamba, masikio juu. Picha iko London, katika jumba la Victoria and Albert. Mansur alikuwa fundi wa Bara Hindi, lakini karakana aliyokulia iliasisiwa na mabwana wa Kiajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, waliokuja na babu wa Jahangir, Humayun. Na punda milia mwenyewe Jahangir alimweka miongoni mwa zawadi za kumpelekea Shah Abbas, yule yule mwenye kitabu changu cha ndege.

Ametoka upande wetu huu wa dunia. Mpwa wangu aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Anatazama chini, shangazi. Amechoka safari."

Si yeye tu aliyesafiri. Wachoraji wa Uajemi walikuwa na pambo waliloliita waq, la matawi yanayochipua vichwa vya wanyama na watu, kwa habari za mti wa nchi ya Waqwaq. Mwandishi Al-Masudi, katika karne ya 10, aliiweka Waqwaq jirani na Sofala, mwisho wa nchi ya Zanji. Wachoraji hao hawakufika huku. Walipata sifa tu, wakazichora.

16 Aprili

Masika. Karatasi imejikunja kama jani la ndizi motoni. Nilipoiinua asubuhi kona ya kushoto ilikuwa juu kabisa, na rangi ya mwamba wa chini imekatika nyufa mbili. Nimeilaza kati ya mbao mbili chini ya magunia ya mchele, na nimeweka chumvi ya mawe katika sahani pembeni inywe unyevu. Hakuna kuchora mpaka mvua ipungue. Maharusi nao ni wachache.

Nyumbani hivi, namfikiria mchoraji Mu'in Musavvir. Februari 1672, Isfahan ilikuwa na theluji na baridi kali, bei za vitu zimepanda, naye amekaa ndani. Akachora chui milia aliyeletwa na balozi wa Bukhara kuwa zawadi ya shah, ambaye langoni alimrukia kijana wa dukani mwenye umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, akamuua. Juu ya karatasi hiyo hiyo akaandika kisa chote, na theluji, na bei, na kwamba alichora ili siku zipite. Chui milia wa mchoro ule hana utulivu wa charba. Mistari imekwenda mbio. Yule kijana hakupata jina katika maandishi, lakini amechorwa.

12 Mei

Jua siku tano. Karatasi imenyooka, nyufa nimezijaza, na ukimwambia mtu hazipo ataamini. Ndege wote wana macho isipokuwa hudihudi. Katika karakana za Wamughali kazi iligawanywa: mmoja alichora umbo, wa pili akapaka rangi, wa tatu akatia nyuso. Mimi ni mtu mmoja, lakini nimeiweka siku ya jicho la hudihudi mbali na siku nyingine. Kishungi chake kina nyoya zenye ncha nyeusi, nimezihesabu, na kila moja nimeipitisha mara moja tu kwa unywele wa paka.

19 Mei

Nimekosea kuhusu yule mtu wa bunduki.

Nilitia jicho la hudihudi jana alasiri, na lilikaa mahali pake mara ya kwanza. Nikauegemeza ukurasa wangu kwenye kioo cha kompyuta kando ya ule wa Habiballah. Wangu ulikuwa mzuri na umepungukiwa. Kwa muda mrefu sikujua na nini, nikapima tena shingo, rangi, mwamba. Kisha nikamwona yeye juu pale, bunduki mkononi.

Katika ukurasa wangu ndege wamekusanyika, basi. Katika ule wa Habiballah wamekusanyika na mtu mwenye bunduki yuko hatua chache nyuma ya mwamba, na hawakuruka. Ndege, ambao ukikohoa tu wanatawanyika! Maneno ya hudihudi ni mazito kiasi hicho, na Habiballah hakuwa na njia ya kutusikilizisha maneno, kwa hiyo akamleta mtu wa zama zake na silaha ya zama zake, akamsimamisha pale. Mimi nilimwona kuwa ni takataka.

Leo nimekwangua sehemu ya mwamba kwa wembe. Karatasi pale imebaki nyembamba, naona kivuli cha kidole kwa upande wa pili. Nimepaka wanga kwa ncha ya brashi, nitasugua kesho.

27 Mei

Amekaa. Kilemba kilinichukua siku mbili, bunduki mchana mmoja. Mkono wake wa kushoto si mzuri, kidole cha pili ni kinene, na karatasi pale haitavumilia kukwanguliwa tena, kwa hiyo kitabaki hivyo.

Mpwa wangu amekuja baada ya chuo. Hakusema kitu kwanza. Ameutazama ukurasa kuanzia chini, kwenye mabata, akapanda nao hadi juu.

"Huyu hakuwapo, shangazi."

"Hakuwapo."

"Mbona hawamkimbii?"

Nikampa kioo cha kukuzia. Akainama juu ya hudihudi, pua karibu iguse karatasi, nikamwambia tu asipumulie rangi.